Simu ina picha elfu kumi na moja, hakuna hata moja ya baba akisuka dema

Binti wa Bweni

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina swali ambalo nikimuuliza mtu uso kwa uso anadhani msiba umenipanda kichwani, kwa hiyo nimelileta huku.

Baba yangu alifariki mwaka jana, mfungo sita. Alikuwa mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, kule Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Kuna dema moja aliliacha halijaisha, limeegemezwa kwenye mwembe mpaka leo na hakuna aliyethubutu kulisogeza. Juzi mdogo wangu wa kiume akaamua kulimalizia. Akaenda vizuri, akakwama kwenye mdomo wa ndani, ule unaomkaribisha samaki kisha ukamnyima njia ya kutokea. Akanipigia: "Dada, wewe ndiye mwenye simu nzuri, nitafutie picha ya baba akisuka nione alikuwa anapitishaje ufito pale."

Nikamwambia nipe dakika mbili.

Ilikuwa saa mbili usiku. Nimeweka simu chini saa saba. Ina picha elfu kumi na moja na ushee. Baba nimemkuta kwenye harusi yangu, kwenye Idi tatu tofauti, kwenye Maulidi, kwenye hitima ya bibi. Zote kavaa kanzu, kofia imenyooka, viganja juu ya magoti kama mtu anayesubiri jina lake liitwe mahakamani. Nusu ya hizo si zangu, ni za kutumiwa kwa WhatsApp, zile zenye WA kwenye jina, ukivuta kidogo uso unakuwa uji. Zilizobaki ni kucha, keki, namba za luku, viatu vya dukani nilivyotaka kumuulizia shoga yangu bei, na sahani moja ya pilau niliyoipiga mara thelathini na nne. Nimehesabu. Baba akisuka dema: sifuri. Na huyu ni mtu aliyekaa chini ya ule mwembe kila alasiri tangu nipate akili.

Sasa mama yupo, alhamdulillahi. Anapika vitumbua vya kuuza, anaamka saa kumi alfajiri. Tabu yangu ni kwamba nikinyanyua simu tu anasema, "Ngoja nivae." Anaacha kila kitu, anaingia ndani, anatoka na doti mpya, anavuta kiti cha plastiki, anakaza uso. Nikimvizia, picha inatoka giza na mkono wake umekuwa kama moshi. Simu yangu ni ya kawaida, si hizi za mamilioni.

Ijumaa nasafiri kwenda, nina siku tatu. Nifanyeje nimpate mama kama alivyo?

fundi_wa_tochi

Dada pole sana. Mimi ni fundi simu, hapa Kariakoo, kwa hiyo nianze na hizo za uji.

WhatsApp ikipokea picha inaibana ili isafiri kwa bando dogo, na ikishabanwa hairudi. Lakini aliyeipiga huenda bado anayo nzima kwenye simu yake. Waombe ndugu wote wakutumie upya, ila wasipitie kwenye picha. Wabonyeze kile kipini cha kuambatisha, wachague nyaraka, ndipo waitafute picha humo. Hapo inakuja kama ilivyozaliwa, hata tarehe na saa yake ndani. Ile HD inasaidia, lakini bado inabana kidogo. Na kama kuna shemeji aliyewahi kumweka mzee kwenye status, status yenyewe ilikufa baada ya saa 24, ila picha ya asili inaweza kuwa bado anayo. Muulize kabla hajabadili simu. Wateja wangu wengi hugundua hili wakiwa wameshaiuza ya zamani.

Zako nazo usiziache kwenye simu peke yake. Google Photos ilikuwa bure bila kikomo, ikakoma tarehe 1 Juni 2021. Sasa ni GB 15, na hizo zinagawana na barua pepe zako. Futa sahani thelathini na tatu za pilau, bakiza moja.

Mzee Pazia

Marahaba binti, na Mungu amrehemu mzee wako.

Nilikuwa na studio Tanga mjini kabla ya haya masimu. Nilipigia Yashica, ile unayoinamia kuchungulia kwa juu, mkanda mmoja picha kumi na mbili. Kumi na mbili tu, halafu uende gizani ukasafishe. Mteja akija na nguo za kazi, mimi mwenyewe nilimrudisha nyumbani akabadilishe, sikutaka kuharibu nafasi. Nilikuwa na pazia lililochorwa ngazi na maua, na wavuvi nimewapiga wengi mbele ya ngazi ile ambayo hakuna aliyewahi kuipanda. Kwa hiyo mama yako anapokwambia ngoja nivae, usimwone mkaidi. Tuliomfundisha ni sisi. Picha kwake ni heshima, na heshima haiji na masizi.

Basi usishindane naye. Ukifika, mwambie mama leo nataka nikupige picha nzuri. Mwache avae. Mwache akae kwenye hicho kiti, mpige tatu, nne, umwonyeshe, achague. Hiyo ni haki yake, na siku moja utaishukuru. Ikishapatikana, yeye mwenyewe atarudi jikoni, na macho yake yatakuwa yameshaachana na simu. Kazi yako inaanzia hapo.

Giza la alfajiri lisikutishe. Taa yenu ya jikoni iko wapi? Kama iko nyuma yake, hamia upande wa pili, mwanga umpige shavuni. Mkono unakuwa moshi kwa sababu simu, ikikosa mwanga, inafungua jicho kwa muda mrefu na mkono unakuwa umeshapita. Ile hali ya usiku usiitumie hapo, ndiyo inaongeza moshi, inataka vitu vilivyotulia. Egemeza simu kwenye kitu. Kisha tazama kazi yake: kila kazi ina pumzi. Mpishi akimimina, upawa husimama kidogo kabla haujainuka. Bonyeza pale. Na usiharakishe kufunga hesabu: kukipambazuka akiwa bado na unga wa mwisho, mwanga wa mlangoni utakupa picha ambayo balbu haiwezi. Kama mlango mweupe unaufanya uso wake uwe mweusi tii, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kitatokea kijua kidogo, kisukume juu mpaka umwone. Simu haimjui mama yako, inajua weupe na weusi tu.

Usivute kwa vidole. Sogea. Na futa kioo cha kamera kabla ya yote, maana simu inayoingia jikoni kwa vitumbua ina mafuta.

La mwisho. Ulitafuta picha za baba. Umetafuta pia picha za watu wengine walizopigwa baba akiwa nyuma? Tazama migongoni mwa watu. Pale Unguja kuna Capital Art Studio, Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, nikienda huwa nasimama mbele ya zile picha zilizotundikwa ukutani. Wageni wanatazama katikati. Mimi natazama pembeni, aliyepita bila kujua anapigwa.

Sina Makuu

Nitakuwa mbaya leo. Una siku tatu na mama yako, na unataka kuzitumia ukimtazama kupitia kioo cha inchi sita? Mimi nilirekodi harusi ya dada yangu mwanzo mwisho, mkono juu, mpaka bega likauma. Nikiulizwa leo ilikuwaje, inabidi nifungue simu niangalie. Kaa na mama, kula vitumbua. Kichwa ndicho kamera.

fundi_wa_tochi

Kaka, hata aliyeanzisha haya alianza na familia. Tarehe 11 Juni 1997, Philippe Kahn alikuwa hospitali kule Santa Cruz, California, mkewe anajifungua. Akaunganisha kamera, laptop na simu yake, akawatumia jamaa na marafiki picha ya binti yake mchanga.

Sina Makuu

Na mkewe yuko kwenye uchungu, yeye anaunganisha nyaya?

fundi_wa_tochi

😂 Hapo umenipata.

Binti wa Bweni

Mzee Pazia, ahsante sana, nimeyasoma mara tatu. Kumbe kiti cha plastiki si adui.

Kaka Sina Makuu, sikukasirikii, la harusi najua ni kweli. Lakini mimi kwa baba nilikaa. Nilikaa chini ya ule mwembe miaka na miaka, sina simu, sina chochote, namshikia fito, namsomea gazeti. Kichwa ndicho kilikuwa kamera. Leo naulizwa ufito wa mdomo unaanzia kulia au kushoto, sijui. Nakumbuka alivyokuwa anakohoa. Nakumbuka harufu ya fito mbichi. Mkono wake ulienda wapi, sijui.

Mwana wa Kibokoni

Salaam. Mie niko Maskati, mwaka wa tisa huu. Mamangu yuko Mombasa, Mji wa Kale.

Dadangu hunitumia picha kila Ijumaa. Mama amekaa sebuleni, amevaa, udi umefukizwa. Nashukuru, Mungu ambariki. Lakini ile nilioililia ni nyengine kabisa. Dada aliungua kiwiko na mafuta, akajipiga picha ili anionyeshe lile lengelenge. Nyuma yake yaonekana ndoo ya maji ya buluu, imefunikwa kwa sinia lililobonyea upande. Nililibonyeza mie, niko darasa la nne, nilikuwa nalipiga kama ngoma. Sikujua lingaliko. Kiwiko hata sikukitazama, mpaka dada akaniuliza mbona huniambii pole!

Kwa hivyo ndugu yangu, piga vyombo. Piga pale mama anapotundika leso yake. Kizingiti kilipoliwa na miguu. Na sauti usiisahau: weka simu juu ya kabati, washa rekodi, ondoka, shughulika na mengine. Mie nina dakika ishirini za mama akikuna nazi, kelele za mbuzi tu na baadaye adhana ya alasiri, na yeye akimwambia mtu mlangoni "leo hatuna, kesho". Nikimaliza zamu usiku nasikiliza hiyo.

Lakini nikuambie neno moja, na hapa usinione mkali. Mama jikoni yuko kichwa wazi, amejifunga leso kifuani. Hiyo ni sitara yake. Shangazi yangu mmoja alipigwa hivyo na mjukuu, kwa mapenzi tu, picha ikaingia kwenye grupu la ukoo, ikatoka ikaenda grupu jengine. Hakugomba. Ila tangu siku hiyo, simu ikiingia jikoni yeye hutoka. Mwambie mamako mapema picha zitakaa wapi na nani atazitazama. Na akisema hii ifute, ifute mbele ya macho yake, na kule kwenye pipa la picha zilofutwa pia, maana hukaa huko siku kadhaa.

Mzee Pazia

Huyu wa Maskati amesema nililolisahau. Mimi negativu nilikuwa nawarudishia wanawake waliotaka.

Binti wa Bweni

Nimerudi Dar jana usiku. Nimeona nisipoandika leo sitaandika tena.

Nilianzia kwenye kivuko. Nimevuka mto ule tangu nabebwa mgongoni na sina picha yake hata moja, nani apige picha kivuko? Safari hii nilirekodi dakika moja nzima bila kusogeza simu: lango likishushwa, baiskeli zenye magunia ya nazi, kuku wamefungwa miguu kwenye usukani wa pikipiki, kijana anayekimbia kila siku kama vile kivuko kitamwacha na kila siku hakimwachi. Daraja linajengwa, mnajua. Watu wote kivukoni wanalisubiri kwa hamu, hata mimi, nimeshalala Pangani mjini mara ngapi kwa kuchelewa kuvuka. Nimerekodi hivyo hivyo.

Kwa mama nilifanya kama mzee alivyosema. Nikamwambia nataka picha nzuri. Akavaa doti niliyompelekea, akaomba na picha moja ameshika simu sikioni, sijui anaongea na nani. Nikampiga nne, akachagua moja, akasema, "Haya umepata, sasa niache nilale, nina unga." Kisha nikamweleza, nikamwapia kabisa, kwamba za jikoni haziendi kwenye status wala kwenye grupu, zitabaki kwangu na kwa mdogo wangu. Akaniuliza, "Za jikoni za nini?" Nikamwambia, kwa sababu za baba sina. Akanyamaza. Akasema niwe nimenawa.

Saa kumi na robo niliegemeza simu kwenye debe la unga, nyuma yake kopo la chumvi ili isianguke. Nimepiga sitini na moja. Nzuri ni tisa, na hiyo tisa nimejipendelea. Kuna moja naipenda kuliko zote, uso haumo kabisa: mkono unageuza kitumbua kwa kijiti, kwenye kifundo kuna lile kovu la kuungua, na pindo la khanga limefungwa fundo la hela ya chenji. Ile pumzi ya upawa ni kweli kabisa, mzee. Ukishaijua unaanza kuisubiri kama wimbi.

Sauti ndiyo iliyonishangaza. Nimekula vitumbua vya mama maisha yangu yote na sikujua kwamba anazungumza na chuma. Lile tundu la katikati linagandisha, nalo analigombeza. Kwenye rekodi unamsikia kabisa: "Na wewe leo una nini? Wenzako wote wametoka." Kimya. Mafuta yanachacharika. "Haya, kaa humo."

Baadaye tulizitazama pamoja, moja moja. Mbili alisema futa, kichwa kilikuwa wazi, nikafuta na kule pipani nikafuta, anaona. Moja alisema futa kwa sababu sufuria lilikuwa chafu. Hiyo nilimbembeleza, hakukubali.

Sasa la baba. Mzee Pazia, nilirudi kwenye zile elfu kumi na moja nikatazama migongoni mwa watu. Mwaka juzi mdogo wangu alikuwa anauza beberu, akanitumia picha ili nimtafutie mteja huku Dar. Beberu amesimama kifua mbele, amejaa picha nzima. Katikati ya miguu yake, kule nyuma, kuna miguu miwili ya mtu aliyekaa chini, na baina ya nyayo hizo kuna dema, limeshikwa kwa vidole vya mguu. Baba alikuwa analibana dema kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto! Nilikuwa nalijua hili. Nilikuwa nalijua kabisa, lilikuwa limelala tu. Nikamwambia mdogo wangu aitafute ya asili, akanitumia kwa nyaraka kama fundi alivyoelekeza, na ukivuta unaona ufito unapita chini, kisha juu ya mbili.

Haikutosha, miguu ya beberu imeziba kile tulichokitaka. Lakini mdogo wangu alipoichukua ile picha akampelekea mzee mmoja jirani, mvuvi mwenzake baba, mzee akaicheka, akasema "huyu alikuwa anaanzia kwenye gumba, mimi naanzia kwenye goti," akakaa chini akaonyesha. Nimemrekodi dakika kumi na nne, kwa ruhusa yake, mikono na miguu tu. Uso hakutaka, alisema hakunyoa. Dema limeisha. Limepinda upande mmoja. Mdogo wangu anasema samaki hawaangalii.

Nimesafisha picha tano pale Tanga nikipita, saizi ya postikadi, nimemtumia mama kwa dereva wa basi. Alipiga simu kushukuru ile ya doti, ameshaiweka kabatini kwenye kioo. Za mikono hajasema kitu. Ila ameniuliza kama bado ninayo ile moja niliyotaka kuifuta kwa kuwa imetoka ovyo, ile ambayo kuku wa jirani ameingia mlangoni na mdomo wake umo ndani ya beseni la mchele uliolowekwa. Nikamwambia ninayo. Anaitaka kubwa, na tarehe iandikwe, jirani amekana.